Picha za zamani za mji mdogo: shajara ya kuzikusanya, kuziskani na kuzitafutia majina

Hii ni shajara ya kazi ya kukusanya picha za wakazi na majengo ya mji mdogo. Picha zenyewe zimetawanyika kwenye masanduku ya familia, albamu, na makabati ya studio iliyofungwa zamani. Naiandika ili mwenye kazi kama hii aweze kuifuata. Yaliyokwenda vizuri nayapitia haraka. Yaliyokwama nayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yanayokula muda. Gharama nazitaja kwa saa, vifaa na nafasi ya diski, kwa kuwa bei hazifanani mahali pawili.

Lengo ni kwamba kila picha itoke mikononi mwetu ikiwa na majina, na kila jina liwe na ushahidi wake. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, aliwapiga picha maelfu ya watu studioni kwake, lakini baadhi ya picha hizo zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana, ilhali Keïta mwenyewe alikuwa hai. Ikiwa jina la mwenye kamera liliweza kupotea hivyo, la mama aliyeketi mbele ya kamera ile lina nafasi ndogo zaidi ya kubaki lenyewe bila mtu kulishughulikia.

14 Januari: mapokezi na ruhusa

Kila mzigo hupewa namba kabla haujafunguliwa, iwe ni albamu, bahasha au mfuko wa plastiki. Tunaupiga picha ulivyo, tunaandika nani kauleta na kwa sharti gani, ndipo tunafungua.

Fomu ya kwanza ya ruhusa haikufaa. Ilikuwa na sahihi moja tu, na watu waliitia wakidhani wanakubali picha iskaniwe, kumbe maneno yaliruhusu pia kuionyesha hadharani. Sasa kuna maswali mawili na sahihi mbili: kuskani ni jambo moja, kuonyesha ni jingine. Familia zinazokubali la kwanza na kukataa la pili zipo, na tunazishukuru vilevile. Ikumbukwe pia kwamba mwenye picha mkononi si lazima awe na hakimiliki. Mara nyingi haki hiyo huanzia kwa mpiga picha au studio. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka miaka 25 tangu picha kupigwa kuwa kiwango cha chini cha ulinzi, na nchi nyingi zimeweka muda mrefu zaidi, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu kabla ya kuchapa chochote.

Kilichotupotezea muda zaidi ni mpangilio. Mwanzoni tulipanga picha kwa mada: watu huku, majengo kule, sherehe pembeni. Ukanda mmoja wa negatifu, yaani filamu ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa na ambayo picha huchapwa kutoka kwake, ulituonyesha ubaya wake. Fremu ya kwanza ina mwanamke amesimama mlangoni, kwa karibu sana kiasi kwamba mlango ungeweza kuwa wa nyumba yoyote. Kwenye fremu inayofuata mpiga picha amerudi nyuma, nyumba nzima inaonekana, na mwanamke yuleyule yuko palepale, mdogo, mkono ukiwa bado juu ya kitasa. Fremu ya kwanza inampa mtu uso, ya pili inampa anwani. Kwa mpangilio wa mada, moja ilikwenda kwenye "watu" na nyingine kwenye "majengo", na uhusiano wao ukakatika. Kuurudisha mpangilio wa asili wa masanduku yale kulichukua muda mrefu kuliko kuuvuruga, na kuliwezekana tu kwa sababu tulikuwa na picha za mizigo ilivyoingia. Tangu hapo vitu vinabaki jinsi vilivyokuja. Mada inaandikwa kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, na huko picha moja inaweza kuwa na mada kumi bila kusogezwa popote.

3 Februari: skana

Kuskani ni kazi ya kujirudia na sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa vipimo na yale yaliyogoma.

Nukta 300 kwa inchi hazikutosha. Kibao kilichokuwa juu ya mlango wa jengo moja kilionekana kama doa jeupe. Kwa nukta 600 herufi zilisomeka. Tulipopanda hadi 1200, picha nyingi za karatasi hazikuongeza chochote zaidi ya chembechembe za karatasi yenyewe. Gharama yake ni kubwa: picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa rangi ya biti 24 hutoa faili la takriban MB 25 kwa nukta 600, na takriban MB 100 kwa nukta 1200. Ukizidisha vipimo mara mbili, diski inajaa mara nne. Tukaamua: 600 kwa picha za kawaida, 1200 kwa zile ndogo kama stempu, na 4000 kwa negatifu za milimita 35, ambapo fremu moja hutoa takriban pikseli milioni 21. Nakala mama ni faili la TIFF, kubwa na lisilopunguzwa ubora, bila kuguswa, na JPEG, faili dogo zaidi, inatolewa kutoka humo kwa matumizi ya kila siku.

Hata picha nyeusi na nyeupe tunaziskani kwa rangi. Umanjano wa karatasi, wino wa mhuri, na maandishi ya penseli nyekundu pembeni vyote ni ushahidi, na vyote hufifia au kupotea kwenye skani ya kijivu. Mgongo wa picha unaskaniwa kila mara, hata ukiwa mtupu.

Kufuta vumbi kiotomatiki kuliharibu negatifu nyeusi na nyeupe. Mfumo ule hutumia mwanga wa infraredi, ambao hupita kwenye rangi za filamu ya rangi lakini huzuiwa na chembe za madini ya fedha zinazounda picha kwenye filamu nyeusi na nyeupe. Skana ikaiona picha yenyewe kuwa vumbi na kuanza kuiziba: kingo za nyuso zikalainika, macho yakapata ukungu. Dawa ni kuzima kitufe hicho, pamoja na kile cha kunoa picha, na kutumia kipulizio cha mpira na brashi laini kabla ya kuweka filamu kwenye kioo.

Filamu zilizogusana na kioo zilitoka na miduara ya rangi, ile miviringo ya Newton. Tulikata fremu nyembamba za kadibodi isiyo na asidi kuinua filamu kidogo, na miduara ikaondoka. Picha za karatasi zenye mng'ao wa kibuluu kwenye sehemu nyeusi, yaani fedha iliyopanda juu, ziligoma kabisa kwenye skana; mwanga ulirudi na kufunika weusi wote. Hizo tunazipiga kwa kamera iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, na vichujio vya polaraizi, vinavyokata mng'ao, kwenye taa na kwenye lenzi. Ni polepole, lakini ndiyo njia iliyotupatia nyuso.

26 Februari: albamu za gundi na picha zilizojikunja

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu ndizo zilizotutisha zaidi. Gundi hushika kwa miaka, na kuivuta picha kunaweza kupasua karatasi. Hatua ya kwanza ni kupiga ukurasa mzima jinsi ulivyo, kwa kuwa nani kabandikwa pembeni ya nani ni habari yenyewe. Kisha tunapitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta nyuma ya picha, taratibu, kama msumeno. Joto la kikausha nywele tulilijaribu kwenye picha isiyo na thamani: gundi ililainika lakini rangi ikapata mawimbi, kwa hiyo tumeliacha kabisa. Picha inayogoma inabaki ukurasani, na tunaiskani hapohapo.

Picha zilizojikunja hazinyooshwi kwa nguvu. Utando wa picha ukikauka huvunjika kwa mistari mirefu isiyorekebishika. Tunaziweka juu ya wavu ndani ya sanduku lenye mfuniko, chini yake trei ya maji, na kuziacha saa kadhaa mpaka zilegee zenyewe, huku tukizichungulia mara kwa mara. Zikitoka zinalala kati ya karatasi za kufyonza chini ya uzito mwepesi. Njia hii si ya picha zilizobandikwa juu ya kadi wala zenye dalili za ukungu.

Glavu za pamba tuliziacha mapema. Zinateleza, na nyuzi zake hubaki kwenye filamu. Za naitrili zinashika vizuri. Migongoni tunaandika namba tu, kwa penseli laini, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Karatasi zenye utando wa plastiki, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, hazipokei penseli. Kwa hizo namba inakwenda kwenye bahasha.

Kuna mkebe wa filamu unanuka siki. Hiyo ni asetati, plastiki ya filamu, inayooza, na asidi yake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani, kwa hiyo imetengwa mara moja mahali pa baridi penye hewa. Filamu zisizo na neno SAFETY ukingoni hatuzigusi kabla hazijakaguliwa na mtu wa fani. Filamu ya naitreti, iliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, huwaka kwa kasi kubwa na haifai kukaa ndani ya nyumba.

19 Machi: vioo vilivyogeuka

Makabati ya studio yalikuwa na negatifu za kioo. Tuliziweka kwenye skana upande usiong'aa ukiwa chini ili picha zionekane wazi zaidi, na wazi zilitoka kweli. Lakini jengo moja refu lilikataa kufanana na mahali popote mjini. Ngazi zake za nje ziko kushoto, ilhali wazee waliokuwa wanalikumbuka walisema wote kwamba zilikuwa kulia. Tulikuwa tayari kuandika kwamba kumbukumbu zao zimechanganya majengo mawili.

Jibu lilikuwa kwenye nguo. Mbele ya jengo wamesimama wanaume watatu wenye makoti. Mfuko mdogo wa kifuani, ambao fundi kwa kawaida huuweka upande wa kushoto wa mvaaji, upo upande wa kulia wa mvaaji kwa wote watatu. Vifungo pia viko upande usio wake. Picha nzima ilikuwa imegeuzwa, na wazee walikuwa sahihi.

Kanuni tunayoifuata sasa: ukiitazama negatifu kutoka upande wa utando, ule usiong'aa, mandhari imegeuka, ukiitazama kutoka upande wa kioo, imenyooka. Ukiskani utando ukiwa chini, faili lazima ligeuzwe baadaye. Kila faili la kioo sasa lina safu kwenye lahajedwali inayosema utando ulikuwa wapi na ni kitu gani kimethibitisha upande: maandishi, mfuko, vifungo, uso wa saa. Kisipopatikana cha kuthibitisha, safu inabaki wazi. Vioo vyote vilivyokwisha skaniwa vilipitiwa upya, na baadhi ya majengo yaliyokuwa hayatambuliki yalipata majina siku hiyohiyo.

22 Aprili: tarehe

Watu huuliza kwanza picha ni ya mwaka gani. Tumejifunza kugawa swali hilo mara mbili: picha ilipigwa lini, na karatasi hii ilichapwa lini. Harusi ya zamani inaweza kuwa imechapwa upya miongo kadhaa baadaye kwa ajili ya wajukuu.

Kwa karatasi, vifaa vyenyewe husema. Kadi ndogo za takriban sentimita 6 kwa 10 zinafuata mtindo ambao mpiga picha Mfaransa Disdéri aliuwekea hataza Ufaransa mwaka 1854, kwa hiyo haziwezi kutangulia hapo. Postikadi yenye mgongo uliogawanywa, nusu ujumbe na nusu anwani, haikuruhusiwa Uingereza kabla ya 1902 wala Marekani kabla ya 1907. Tafuta mwaka wa nchi yako. Picha za mraba zenye ukingo mweupe mara nyingi zinatoka kwenye filamu ya kaseti ya 126, iliyoingia sokoni mwaka 1963.

Kipimo kilichotusaidia kuliko vyote ni taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali za kung'arisha weupe katika miaka ya 1950, na kemikali hizo hung'aa kibuluu chini ya taa hiyo gizani. Picha moja ya familia, iliyoandikwa mgongoni kuwa ya miaka ya 1920, iling'aa mara moja. Mwandishi wa mgongoni hakusema uongo: mavazi na jengo ni vya miaka hiyo kweli, ila karatasi ni nakala ya baadaye. Maana yake ni kwamba mahali fulani kuna au kulikuwa na ya asili, na tumeanza kuiulizia kwa ndugu wengine. Angalizo: karatasi isiyong'aa haithibitishi uzee, kwa kuwa si karatasi zote za baadaye zilitiwa kemikali hiyo.

Hatuandiki mwaka mmoja pale tunapojua kipindi tu. "1907 hadi 1915" ni jibu kamili, mradi safu ya pembeni iseme kwa nini.

30 Mei: majina

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo njia yetu ya kwanza ilipofeli vibaya zaidi.

Tulitundika picha kubwa ukumbini, chini yake karatasi ya kuandika majina. Wa kwanza akiandika jina, wanaofuata walikubaliana naye, hasa akiwa mtu mzima anayeheshimiwa. Mwisho wa siku tulikuwa na karatasi zilizojaa na makubaliano yasiyo na thamani, kwa kuwa hakuna njia ya kujua nani alikumbuka na nani alisoma. Majina yote ya siku ile yameshushwa hadi daraja la kukisia.

Njia ya sasa ni ya polepole. Tunakwenda kwa mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, tukiwa na chapa kubwa na karatasi nyingine yenye mchoro wa vichwa tu, kila kichwa na namba. Tunarekodi sauti kwa idhini. Hatusemi "Mzee, huyu si fulani?" Tunasema "Tuambie unamwona nani." Jina likitajwa tunauliza amemjuaje, na jibu hilo linaandikwa neno kwa neno. Bibi mmoja alimtambua dada yake kwa namna alivyoshika kiwiko cha mkono wa pili, si kwa uso, ambao umefifia. Jibu kama hilo lina uzito kuliko "anafanana naye".

Kila jina lina daraja. *Limethibitishwa* ni pale watu wawili waliohojiwa kila mmoja peke yake wametaja jina lilelile, au pana maandishi ya wakati ule. *Limesemwa* ni shahidi mmoja. *Linakisiwa* ni mengine yote, na hayo hayaonyeshwi hadharani. Mashahidi wakipingana, majina yote mawili yanaandikwa na hatumchagulii mtu ndugu. Tunaandika jina la utotoni, la ndoa na la utani, kwa sababu wajukuu watatafuta kwa lolote kati ya hayo.

Kwa majengo, swali la "hili ni jengo gani" halikuzaa kitu. Majengo hubadilisha matumizi na watu hawakumbuki kuta. Tulipouliza nani alikuwa akikaa pale, na jirani yake alikuwa nani, na watoto walikuwa wakipita wapi, mtaa mzima ulirudi nyumba kwa nyumba, na tukaweza kuuchora.

Gharama: saa moja ya mazungumzo hudai saa kadhaa za kuandika kilichosemwa. Ukipanga ratiba, weka muda mwingi hapa kuliko kwenye skana. Na uanze na wazee kabla ya kumaliza masanduku, sanduku litasubiri.

11 Julai: kusimama pale aliposimama mpiga picha

Jengo lililotambuliwa tunalipiga upya kutoka sehemu ileile. Kukadiria kwa macho hakukutosha. Picha mbili zilifanana lakini hazikulalana. Kilichofanya kazi ni kutafuta vitu viwili vinavyopishana kwenye picha ya zamani, kimoja karibu na kingine mbali, kama ncha ya paa na mgongo wa kilima, kisha kusogea kushoto na kulia mpaka vipishane vivyo hivyo. Jozi mbili za namna hiyo zinakufikisha karibu kabisa na alipokuwa. Vivuli vinakuambia urudi saa ngapi.

Picha moja ya barabara kuu ilidhaniwa kuwa ya siku ya msiba au mapumziko kwa kuwa haina mtu. Ukiikuza, kuna moshi mwembamba kwenye kimo cha watu, na mguu mmoja unaoonekana wazi kabisa ukutani. Kioo cha negatifu kilifunuliwa kwa mwanga kwa muda mrefu, na waliokuwa wakitembea hawakushikwa. Ni jambo lilelile la picha ya Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya Boulevard du Temple ya mwaka 1838, ambapo mtaa wa Paris unaonekana mtupu isipokuwa mtu aliyesimama kusafishiwa viatu. Maelezo ya picha yetu yamebadilishwa: mtaa ulikuwa na watu.

16 Agosti: programu za kurekebisha nyuso

Tulijaribu programu za akili mnemba zinazonoa nyuso zilizofifia na kutia rangi. Matokeo yanapendeza na hayafai. Mahali ambapo fedha imepotea, programu haina kitu cha kurudisha, inabuni. Mzee mmoja alitiwa meno, na mtoto akapewa macho ambayo ndugu zake walisema si yake. Rangi za nguo zilichaguliwa na mashine, na mtu akishaziona huanza kuzikumbuka hivyo. Tumekataza zisionyeshwe kwa shahidi yeyote kabla hajazungumza. Familia ikitaka nakala ya rangi ya kutundika, inaandikwa juu ya picha yenyewe kwamba rangi ni za kubuni, na haingii kwenye hifadhi.

20 Septemba: kuhifadhi na kurudisha

Majina sasa yanaandikwa ndani ya faili lenyewe kwa sehemu za IPTC, nafasi za maelezo zilizomo ndani ya faili la picha, pamoja na kwenye lahajedwali. Tuliona haraka kwamba picha zikitumwa kwa programu za ujumbe kwenye simu, maelezo hayo mara nyingi hufutwa na picha hupunguzwa ubora. Kwa nakala za kusambaza tunaongeza ukingo mweupe chini wenye namba ya picha na majina yaliyothibitishwa. Ukingo unaweza kukatwa, lakini wengi hawaukati.

Nakala zipo tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja inakaa jengo jingine. Kila faili lina alama ya SHA-256, msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye faili na unaobadilika faili likibadilika, na programu inazilinganisha kila mwezi. Imeshatulipa: diski moja ilianza kubadilisha mafaili kimyakimya, yakifunguka vizuri kwa macho, na alama ndizo zilizosema. Tulirejesha kutoka nakala ya pili.

Picha za asili zinarudi kwa wenyewe ndani ya bahasha za karatasi zilizofaulu kipimo cha ISO 18916, kinachoonyesha kama karatasi inadhuru picha, au za poliesta. Za PVC tumezikataa, zinatoa kemikali. Kila familia inapokea pia orodha ya majina ya picha zake ikiwa imechapwa, yenye madaraja yake, na nafasi wazi ya kusahihisha. Orodha za kwanza zimeanza kurudi na masahihisho, na yanaingizwa na jina la aliyesahihisha.

Yaliyobaki: ule mkebe wa siki unasubiri mtu wa fani, vioo vya kabati la chini havijaguswa, na wazee wawili wa upande wa mtoni wameomba tuende Oktoba, mvua ikikatika.